Nani Ameziba Dirisha

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeshaipokea hata kabla hujaiandika: marahaba. Huku tupo. Goti langu la kushoto limeanza tena ukaidi wake. Jirani wa nyuma ameuza mbuzi wake wote, na sasa asubuhi ni kimya mpaka mtu unashika masikio kuona kama yapo. Muhula ulipofunguliwa nilishona sketi za shule mchana, nikalala nikaota sketi. Baba yako hajambo, anakusalimu sana.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu yangu inakoroma, na wewe ukisikia sauti yangu tu unaanza maswali kama polisi. Kwenye barua mtu anasema lile analotaka kusema.

Sasa la maana. Wewe si ndiye mchoraji wa majumba? Watu nisiowajua wanakaa kwenye nyumba ulizochora, wananyoosha miguu kwenye mwanga, na mimi shangazi yako nakaa na taa zinawaka mchana kweupe. Sebuleni siwezi kutunga uzi bila taa. Umeme ukikatika nabeba cherehani uani kama mtu anayehama. Feni nayo inazunguka kutwa, kwa sababu nyumba ni giza na bado ina joto. Hilo ndilo silielewi. Mimi nilidhani penye giza pana ubaridi. Nataka mwanga uingie, jua libaki nje. Inawezekana, au naomba muujiza?

Na chumba cha mashariki ndicho kinachonishughulisha zaidi. Kina kitundu kile kimoja tu karibu na paa, unakikumbuka. Nataka mtu aliyelala mle ajue kumekucha bila kuambiwa. Asiangalie saa, asiamshwe, ajue tu. Nichoree kitu, hata kwa penseli.

Ni mimi shangazi yako, ninayekuwaza kila ninaposhika mkasi.


Tarehe 27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako dereva wa basi aliiacha kwa mlinzi wa ofisi yetu, mlinzi akaiweka mfukoni, akaenda nayo mapumzikoni. Ndiyo maana nimechelewa. Mimi ni mzima. Tunachora zahanati, na mkubwa wangu wa kazi, yule tunayemwita Bosi Futa, ameshanifutisha ukuta mmoja mpaka karatasi imetoboka.

Salamu za baba nimezisoma, nikazirudia. Sijui nizipokeeje. Tangu aliposema kwamba mtu asiyewahi kubeba tofali asije kumfundisha ukuta wake, na kwamba kama naona nyumba yake ni ghala basi nisilale ghalani, hajanitumia neno. Wewe ulikuwepo. Sasa nikisoma "anakusalimu sana" nabaki nimetoa macho. Amesema yeye, au umeongeza chumvi wewe? Kama hutaki kujibu, usijibu.

Mwanga ninaoujua ni huu. Madirisha yetu ni madogo na yako chini. Dirisha likiwa chini, mwanga unaanguka sakafuni karibu nalo na kuishia hapo. Likipanda juu, mwanga unatembea mpaka ukuta wa pili. Kwa hiyo sebuleni fundi akate dirisha refu, jembamba, juu kabisa chini ya kenchi za paa, upande wa uani ambako jua halipigi moja kwa moja, na lingine dogo upande wa pili yake. Mwanga ukitoka pande mbili hauumizi macho, na hewa ya moto inapata mahali pa kutokea. Kuta na dari zipakwe nyeupe. Ile rangi ya kahawia inaficha uchafu, lakini inameza mwanga kama udongo mkavu unavyomeza maji.

Joto lenu linatoka kwenye bati lisilo na dari nzuri, na kwenye ukuta wa magharibi unaochomwa jua la alasiri. Huko magharibi msifungue kitu. Refusheni upenu. Kivuli kinatakiwa kiwe nje ya dirisha. Pazia linamzuia mgeni ambaye ameshaingia na kupewa kiti.

Chumba cha mashariki ni rahisi. Dirisha liwe na kizingiti cha chini, usawa wa kitanda, na upenu juu yake. Jua la asubuhi likiwa chini litaingia mpaka kwenye mto. Likipanda, upenu utalizuia, na chumba kitabaki na mwanga bila joto. Nimechora, karatasi iko ndani ya bahasha.

Lakini shangazi, chumba cha mashariki si stoo ya baba ya saruji na vifaa? Nani analala stoo?

Mimi binti yenu.


Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huyo Bosi Futa nimecheka naye peke yangu jikoni. Binamu yako amejifungua mtoto wa kiume, mkubwa, kichwa kama cha babu yake. Ananiita niende nikakae naye nimsaidie, nami najibu nitakwenda, nitakwenda, mpaka naona aibu.

Sebule imekuwa kama ya watu wengine. Alikuja Fundi Tindo, yule aliyekuwa kibarua wa baba yako zamani. Alitoboa pale juu ulipoonyesha, tukapaka chokaa nyeupe kuta na dari. Siku ya kwanza niliingia, nikanyoosha mkono nizime taa, kumbe haijawashwa. Nikasimama pale na mkono hewani. Sasa natunga uzi bila kukunja uso. Feni naizima asubuhi, naisahau.

Chumba cha mashariki nacho alikata vizuri. Asubuhi ile jua liliingia mpaka kitandani, kama ulivyoandika. Halafu dirisha limezibwa.

Basi naomba unieleze, kuna dirisha ambalo linaingiza mwanga, lakini mtu akilitazama hajui kama ni dirisha? Na je, kizingiti kinaweza kuwa juu kidogo, ili mtu asipite? Usinielewe vibaya. Nauliza tu.

Stoo bado ni stoo, saruji na vifaa vimo. Kitanda nacho kimo.

Baba yako hajambo.

Shangazi yako.


Tarehe 10 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mpe binamu hongera zangu, na huyo mwenye kichwa cha babu nambusu. Nimefurahi kuhusu sebule kuliko nilivyofurahia jengo lolote hapa kazini.

Lakini hili la chumba cha mashariki limenichanganya. Unaandika "limezibwa" kama vile ni mvua imenyesha. Limezibwa na nani? Kwa mbao, kwa matofali, kwa gunia? Kama mnaogopa wezi, tutaweka nondo. Kama ni mvua, tutaongeza upenu. Kama kuna mtu anaona haya kuonekana na wapita njia, tutaweka kioo chenye ukungu, mwanga unapita lakini sura haipiti. Kila tatizo la dirisha lina dawa yake, ila lazima nijue ugonjwa.

Ukishindwa kabisa, fundi aondoe bati moja juu ya chumba na kuweka la plastiki linalopitisha mwanga, na chini yake ajenge bomba la mbao lililopakwa rangi nyeupe, liushushe mwanga hadi kwenye dari. Lakini lichaguliwe upande usiochomwa sana na jua, la sivyo mtakuwa mmejenga tanuri. Na mwanga wa juu haumwambii mtu jua linatoka wapi. Ulitaka mtu ajue kumekucha. Kwa hilo, dirisha la mashariki ndilo lenyewe.

Mtu asipite dirishani, unasema. Mtu gani huyo anayepita dirishani badala ya mlangoni?

Nimepewa siku za mapumziko mwezi ujao. Nilifikiri kuja. Halafu nikafikiri tena. Labda baadaye.

Binti yenu.


Tarehe 12 Mei

Mwanangu,

Nisamehe ukimya. Wateja walikuwa wengi, na mchana siku hizi silali, na kuandika kunahitaji kichwa kilichotulia.

Barua yako ilifika wakati Fundi Tindo ameshatoboa mara ya pili, kwa hiyo hilo la plastiki hatukulifanya. Safari hii aliweka fremu kabisa, ya mbao nzuri, na shata, kifuniko chake cha mbao, inayofungwa kwa nje. Nikasema sasa tumemaliza. Nikaenda kupeleka sare shuleni. Niliporudi hakukuwa na dirisha.

Nakuandikia kama nilivyoona. Fremu ilikuwa imetolewa bila kuvunjwa, imeegemezwa ukutani, misumari yake yote iko kwenye kopo. Matofali yamepangwa, yamenyooka. Lipu imesuguliwa mpaka inang'aa, na hata sakafu imefagiliwa. Nilimwita Fundi Tindo. Aliangalia ule ukuta, akaupapasa, akavua kofia. Akaniambia, "Mama, huu mimi siuvunji tena." Akabeba vifaa vyake akaenda zake.

Sasa sijui nifanye nini. Muuguzi wa zahanati anasema mtu akikaa gizani kutwa, mwili unapoteza mchana na usiku, usingizi unahama, na akili inayumba zaidi. Anasema apate mwanga wa asubuhi kila siku. Mimi nilikwenda pale kwa ajili ya goti tu, tukaongea.

Baba yako anakula vizuri.

Shangazi yako.


Tarehe 20 Mei

Shangazi, shikamoo.

Leo sina habari za kazi wala za mtu. Nimesoma barua yako na watu wakinisubiri kwenye kikao, nikaingia kikaoni nikiwa sisikii.

Goti haliyumbishi akili. Na Fundi Tindo simjui kuwa mtu wa kuvulia ukuta kofia. Ninamjua mtu mmoja tu anayesugua lipu mpaka inang'aa na kufagia baada ya kazi. Lakini mtu huyo angekuwa amekuambia wazi kwamba hataki dirisha, angegombana na wewe, na mtaa mzima ungejua. Asingesubiri utoke. Kwa hiyo najua ni yeye, na papo hapo najua haiwezi kuwa yeye. Nimeyazungusha haya mawili tangu asubuhi, hayakai pamoja.

Tangu Februari umeandika hajambo, anasalimu, anakula vizuri. Hujaandika hata mara moja amesema nini. Baba anafanya nini mchana ukimwacha peke yake? Nijibu hilo tu, mengine yote yaache.


Tarehe 8 Juni

Mwanangu,

Nimekaa na karatasi hii siku nyingi. Nakujibu.

Baba yako anaumwa, si mwili. Ilianza mwaka jana kwa kusahau mahali alipoweka miwani, tukacheka. Halafu akasahau njia ya kurudi kutoka kwa kinyozi, hatukucheka. Sasa mimi siku nyingine ni dada yake, siku nyingine ananiita mama, ananiomba ruhusa ya kwenda kucheza, mzee mwenye mvi. Alihamia stoo mwenyewe. Alisema kesho kuna kazi ya mapema na anataka kulala karibu na vifaa. Kesho hiyo haijafika, na kila siku anaingoja. Mle ndani ni giza mchana, giza usiku, kwa hiyo anaamka saa yoyote, anavaa nguo za kazi na kutafuta mlango. Mara moja alitoka nje kwa kupitia dirisha la jikoni. Ndiyo maana niliuliza juu ya kizingiti.

Yule muuguzi ndiye aliyeniambia habari za mwanga. Nikakuandikia. Nilidhani nitapata dirisha bila wewe kujua ni la nani.

Salamu zilikuwa zangu. Hajatuma hata moja, na siwezi kukuambia kwamba alitaka kutuma, kwa sababu sijui. Ila siku moja mwanzoni, alikuwa na akili zake kamili, tulikaa uani, akaniambia, "Usimwandikie. Atakuja kunihurumia, na mimi sitaweza hata kumgombeza." Nikamwahidi. Leo nimevunja ahadi, na yeye hajui kwamba nilimwahidi. Sasa sijui kama nimekosa au sikukosa.

Dirisha aliliziba yeye. Mara ya kwanza nilimkuta anamalizia. Nilimuuliza kwa nini. Aliniangalia kama anaangalia mtu asiyejua kazi, akasema vibarua wameacha tundu kwenye ukuta wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akiliona, jina lake litachafuka. Mwenye nyumba ni nani, nikauliza. Akasema hajui, amesafiri.

Mwanangu, huyu mtu hakumbuki kama amekunywa chai, lakini mpe mwiko wa kujengea, mkono haukosei. Nilijaribu kuuficha. Alizunguka nyumba nzima akiutafuta, mwishowe akakaa chini akalia. Nikaurudisha. Ningefanya nini?

Nimechoka. Sijawahi kuliandika neno hili. Asubuhi namwangalia na sielewi ni nani nitakayekuwa naye mpaka jioni, na mimi mwenyewe nitakuwa nani kwake. Sikuombi kitu. Uliniuliza, nimejibu.


Tarehe 13 Juni

Shangazi,

Nakuja. Nimemwambia Bosi Futa, akaniuliza kwa muda gani, nikamwambia sijui, na kwa mara ya kwanza hakufuta kitu.

Usimwite fundi mwingine. Ukuta uache kama ulivyo. Fungasha nguo zako, nikifika wewe unakwenda kwa binamu kumshika mjukuu wako. Usibishane na mimi kwa barua, itachelewa kufika.


Tarehe 21 Julai

Shangazi, shikamoo.

Nambie huyo mjukuu anakulaza au anakukesheza. Binamu ameandika kwamba unalala mchana mpaka wanakuja kuangalia kama unapumua. Endelea hivyo hivyo. Huku mashine yako nimeifunika, wateja nimewaambia umesafiri, mwalimu wa sketi amenuna.

Ulipoondoka ulisema nikuandikie kila kitu, hata kibaya. Nitaanza na siku ile ile, maana wewe ulikuwa jikoni hukuona. Nilipoingia alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini. Njiani nilikuwa nimejiandaa kwa kila namna. Nilijua atanifukuza, au atanikumbatia, au ataniuliza mimi nani. Aliniangalia usoni kidogo, macho yakashuka kwenye mikono yangu, yakakaa hapo. Kisha akasema, "Umechelewa." Sikujua ni salamu au ni lawama, wala alikuwa anahesabu miaka ipi. Nikasema samahani. Akaniambia nikabadilishe viatu, vile havifai kazini. Hapo nikaelewa kwamba mimi ni kibarua.

Siku za kwanza nilimfuata tu. Tulikagua nyumba. Aligonga kuta moja moja na kusikiliza, akanionyesha mahali alipoweka jiwe kubwa la pembeni. Sebuleni alisimama chini ya lile dirisha refu la juu, akaliangalia muda mrefu. Nikaangalia mwiko uko wapi. Kumbe hakuliona geni. Aliniambia alilikata yeye, sikubisha.

Nilikuwa nimefikiria sana kwa nini aliziba mara mbili, hata lile lenye fremu nzuri. Mwanzo nilidhani haoni tofauti kati ya dirisha na tundu. Kisha nikaona tulivyofanya. Tulimletea fundi mwingine kwenye ukuta alioujenga yeye, akiwa analala mle mle ndani, na hakuna aliyemuuliza. Hata angekuwa mzima angeziba. Basi mimi nikaenda kumuuliza.

Nilimpelekea mchoro, nikamwambia mwenye nyumba anataka dirisha upande huu, jua la asubuhi limfikie mtu aliyelala, na fundi mkuu aseme liwe wapi. Hakuutazama mchoro. Alikwenda akalala kitandani, akageuza uso ukutani, akaweka kiganja pale jua lingempata. Akasema, hapa. Palikuwa karibu kabisa na pale nilipochora mimi. Nilimweleza kwamba kingo za ndani nataka zikatwe kwa mshazari, zipanuke kuelekea chumbani, ili mwanga utawanyike badala ya kumchoma mtu machoni. Aliuliza nimejifunza wapi. Nikasema kazini. Akafikiri, akasema ni kazi ngumu kuliko kingo za kawaida lakini inafanyika, na mimi ndiye nitakayebeba matofali.

Nimebeba, shangazi. Nimechanganya saruji mpaka viganja vimechubuka. Kuna siku aliacha katikati akaniuliza tunajenga nyumba ya nani, akatetemeka, nikamkalisha, kazi ikaisha siku hiyo. Kuna siku alinifukuza kwa sababu nilimwaga maji, nikakaa nje ya mlango mpaka aliposahau. Lakini mwiko akishika, unamwona anarudi, kama mtu anayerudi nyumbani kutoka mbali. Alimwaga linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, akaweka fremu ile ile ya Fundi Tindo, akaisifu. Shata nimeiwekea komeo la nje, na ndani nondo nyembamba, kwa hiyo usiogope. Ukuta mfupi wa uani ulio mbele yake nimeupaka chokaa, unarudisha mwanga ndani hata jua likishavuka utosini.

Hajaliziba. Kila jioni ninasubiri aanze, haanzi. Analipitishia mkono tu.

Sitakudanganya kwamba amepona. Jina langu hajalitaja. Lakini kukipambazuka jua linamfika usoni, anafumbua macho, anakaa, anajua ni asubuhi na hagombani na mtu. Mchana anakaa ukumbini penye mwanga. Giza likiingia anachoka kama watu wengine wanavyochoka. Siku nyingine inashindikana na tunazunguka nyumba pamoja, lakini si kila siku tena. Taa siwashi mpaka jioni. Mimi nachora kwenye meza ya sebuleni, natuma michoro kwa dereva wa basi, Bosi Futa anairudisha na futa zake. Baada ya mwaka huu kuisha sijui itakuwaje. Kwanza wewe pumzika.

Lililonifanya niandike leo ni la jana asubuhi. Nilikuwa nakunja blanketi, yeye amekaa kitandani, jua lote liko juu yake. Akawa anapima dirisha kwa shubiri, upana, kisha urefu. Akasema, bila kugeuka, "Binti yangu akija atasema ni dogo."

Nikaliacha blanketi. Nilimuuliza huyo binti ni mtu wa namna gani. Akasema anachora, yuko mbali, hapendi giza. Alilisema kama mtu anayesema fulani hutumia mkono wa kushoto, bila ubaya. Nikamuuliza kama tuliongeze. Alipima tena upana kwa shubiri, mpaka nikadhani ameshasahau swali.

"Tuongeze," akasema. "Ila asije akasema nilimsikiliza."

Nikamwangalia, shangazi. Mwanga ulikuwa mwingi, kila mkunjo wa uso ulionekana, na mimi ndiye niliyeuleta ule mwanga, na bado sikuweza kusoma kitu. Sijui alikuwa anamwambia kibarua, au alikuwa ananiambia mimi. Nilitaka kuuliza. Yeye ameshainama chini ya kitanda, anatoa ndoo, anauliza kama saruji ipo ya kutosha.

Nikamjibu ipo, baba. Akasema basi twende.